Katika Kupeleleza Yaliyofichika

Ama baada ya hayo: wameuliza baadhi ya ndugu, Je, kupeleleza ni haramu kwa kila hali?

Jawabu: Lililokatazwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, ni kuchungua aibu za watu zilizositirika. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliparamia ukuta akamkuta mtu na ulevi. Mtu yule akamwambia kuwa yeye ameasi mara moja, na Khalifa mara tatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila ya idhini. Umar akamwacha. Ama damu iliyomwagwa si aibu ya kusitiriwa.

Tazameni khabari za Bariadi, mji wa Usukumani, ambao tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Katika nchi hiyo ya Wasukuma, miaka ya 1980, wanavijiji waliunda sungusungu kwa ajili ya wizi wa ng'ombe. Wakafuata nyayo, wakapigiana yowe kijiji kwa kijiji. Kazi njema, maana ukwato hausemi uwongo. Kisha wengine wao wakaingia kutafuta wachawi, na huko hapana nyayo. Dalili ikawa macho mekundu ya bibi kizee. Na wekundu huo aghlabu ni moshi wa mavi ya ng'ombe, yanayowashwa pasipo na kuni. Mpiga ramli akataja jina, panga likafuata.

Waganga waliponena kuwa viungo vya wenye ualbino huleta mali, Vicky Ntetema, mwandishi wa BBC, mwaka 2008 alijifanya mfanyi biashara mwenye kutaka utajiri, akayasikia kwa vinywa vyao wenyewe. Akatishwa kuuawa, hata akajificha. Machi 2009 serikali ikapigisha kura ya siri, watu wawataje wanaowashuku. Kwangu mimi kura hiyo ni mwanzo wa uchunguzi tu, kwani mwenye kinyongo naye ana kalamu. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, Shinyanga, iliwahukumu watu wanne kunyongwa kwa kumwua mtu mwenye ualbino wilayani Bariadi. Hao walishitakiwa wazi, wakapata kujibu.

Wala sisi wa pwani tusiwacheke. Kikipotea kikuku nyumbani, twakimbilia bao. Nalo humtaja mtumishi, au mke wa ndugu. Atajibu nini, na kwa kadhi gani? Na aliyekwisha kumtuhumu mtu kwa neno la bao, yampasa amtake radhi mbele ya wale wale waliosikia.