Mwanangu hamwamini Mungu, nifanyeje?

SWALI: Kijana wangu amerudi Mbwera kutoka chuoni akatuambia hamwamini Mungu. Huku kwenye delta ya Rufiji sote ni watu wa msikiti. Je, sheria inamruhusu? Na niishi naye vipi?

Mzazi, Mbwera, Kibiti

JIBU: Pole, mzazi mwenzangu. Kwanza muulize anakusudia nini. Asiyeswali si lazima awe amemkana Mungu, na mwenye shaka bado anatafuta. Mkana Mungu ni yule anayesema hakuna Mungu, au haoni sababu ya kuamini kuwa yupo. Kauli hiyo haielezi tabia yake: anaweza kuwa mkweli na mwenye huruma, au asiwe.

Sheria inamlinda. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na kubadilisha imani. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaruhusu ndoa ya kiserikali, isiyofungwa na shehe wala padri.

Jamii ndiyo ngumu. Hata nchini Kenya, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016, usajili ukasimamishwa mwaka huohuo. Kwenu mtihani utakuja msibani: ataingia kwenye safu ya swala ya jeneza, au atachimba kaburi tu na kubeba jeneza? Kubalianeni mapema. Usimlazimishe kuswali, naye asidhihaki swala zenu. Na mikoko ikikatwa au mtumbwi ukitengenezwa, mpe kazi kama ndugu zake.