Mzee Aliyesahau Asifungiwe Ndani

Leo twataka kusema juu ya jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, wala halisemwi barazani. Ni mzee aliyekuwa na akili timamu, mwenye kuwekewa amana na kutakwa shauri, kisha akaanza kusahau. Huuliza swali lile lile mara kumi. Huwaita wanawe kwa majina ya nduguze waliokwisha kufa. Husimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe akataka arudishwe kwao. Na watu wa nyumba, kwa kuona haya, humpandisha ghorofani, mlango ukatiwa komeo, na wageni wakaambiwa kwamba amelala.

Basi somo letu ni kueleza maradhi haya ni kitu gani, kwa nini kufungiwa humzidishia mgonjwa, na vipi hewa ya nje, miti na bahari vyaweza kumpa raha yeye na yule amtunzaye.

MARADHI, SI PEPO

Madaktari huyaita demensia, na Waarabu huyaita kharaf. Wala si uzee mtupu, kwani wako wazee waliofika miaka 90 na akili zao ni nzima. Ni kuharibika kwa ubongo. Aina yake iliyo kubwa imepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906 baada ya kuuchungua ubongo wa mwanamke aliyekuwa mgonjwa wake. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57 ulimwenguni, na zaidi ya 60 katika kila 100 wakaa katika nchi zisizo tajiri, kama yetu. Dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Kurani imekwisha kutukumbusha, katika Sura An-Nahl na Sura Al-Hajj, kwamba mtu aweza kuishi mpaka ujuzi wake umtoke. Ilhali jambo hili ni wazi, bado wako miongoni mwetu wampelekao mzee kwa mganga apungwe pepo, wakatoa fedha nyingi, na mgonjwa akarudi amechoka zaidi. Na liko baya kuliko hilo. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana tamaa ya shamba. Mtu aliyepotewa na njia usiku, akaonekana penye ua wa jirani akisema peke yake, huenda ni mgonjwa asiyejua alipo. Atakayempiga amemdhulumu mtu asiyeweza hata kujitetea kwa ulimi.

KWA NINI KUFUNGIWA HUMDHURU

Mwili wa mwanadamu hutambua usiku na mchana kwa nuru iingiayo machoni, na maradhi haya hulidhoofisha tambuzi hilo. Mgonjwa akiwekwa katika chumba chenye giza, mchana husinzia na usiku hutembea. Wengi huzidi kuhangaika jua linapokuchwa. Lakini akitoka asubuhi, akapata nuru na akatembea, usingizi wake waweza kutengenea. Tena miguu isiyotumika hulegea, na mwenye miguu iliyolegea huanguka.

Liko na jambo jingine. Maradhi haya mara nyingi huanza kula kumbukumbu za karibuni. Zile za ujana, na kazi ambazo mikono ilizizoea, hukaa muda mrefu zaidi. Nahodha asiyejua leo ni siku gani aweza kuutazama upepo juu ya maji akakwambia kwamba kusi limeanza. Bibi aliyesahau jina la mjukuu wake, mpe asumini na uzi, utaona vidole vyake vyatunga. Ndani ya nyumba kila mtu humuuliza, "Wanijua mimi nani?" naye akashindwa, akafedheheka. Bahari haimuulizi mtu jina.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyomalizika mwaka 1488. Humo wagonjwa wa akili walitulizwa kwa sauti ya maji yatiririkayo, kwa ala za muziki na kwa harufu ya maua. Msafiri Evliya Çelebi aliyaeleza hayo katika karne ya 17.

Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich wa Marekani alitangaza uchunguzi wake juu ya watu waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolala penye dirisha la kutazama miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta. Na huko Uholanzi, katika mji wa Weesp, kimejengwa kijiji cha wagonjwa wa demensia kiitwacho Hogeweyk. Wakaa katika nyumba za kawaida zenye bustani na vijia, wakatembea wapendavyo. Nchini humo yako na mashamba yapokeayo wagonjwa wakati wa mchana, wakalisha kuku na kupalilia.

Tusizidishe maneno: hayo hayarudishi kumbukumbu iliyokwisha kupotea. Faida yake ni kupunguza mahangaiko na kuutuliza moyo, na hiyo si faida ndogo.

HALI YA AMTUNZAYE

Lasema Shirika hilo la Afya kwamba saa 70 katika kila 100 za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Kwetu mara nyingi ni binti mmoja, au mke wa mwana. Hupika, humwosha, humfuata usiku kucha. Nduguze wanaume huja siku ya Ijumaa, wakambusu mzee mkono, wakaenda zao, kisha wakasema, "Twamtunza baba yetu." Huku si kutunza.

Mwanamke huyu akimjibu mzee kwa ukali, mara nyingi si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuchoka. Na amri ya kutowaambia wazazi hata neno dogo la karaha haikuwekwa juu ya mtoto mmoja tu. Mwana amtoaye babake saa moja kila siku amewatendea wema watu wawili: mzee amepata hewa, na dada yake amepata kulala.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, wakati. Atolewe asubuhi au baada ya alasiri, hasa siku za joto la kaskazi. Apewe maji kabla hajayataka, kwani wazee wengi hawaisikii kiu ilivyo.

Pili, mahali. Njia iwe ile ile kila siku, na pawe na kivuli na pa kukalia. Mkaaji wa Mombasa anayo mibuyu ya Mama Ngina na upepo wake. Asiyeweza kwenda mbali, apandiwe mrihani na asumini uani. Wagonjwa wengi hupungukiwa na kunusa mapema. Kwa hivyo apewe jani alifikiche na udongo aushike. Mnanaha na mimea mingine ya sumu ing'olewe, kwani aweza kuitia kinywani.

Tatu, maneno. Asisahihishwe kwa ubishi. Akisema amngoja babake, muulize babake alikuwa mtu wa namna gani.

Nne, usalama. Awe na karatasi mfukoni yenye jina, mtaa na nambari ya simu ya nyumbani. Na majirani waambiwe wazi kwamba huyu ni mgonjwa. Anayejulikana na mtaa mzima hapotei upesi, wala hashukiwi.

Tano, ibada. Aliyeondokewa na akili hana taklifu. Asikemewe kwa sala iliyompita. Akitaka kwenda msikitini, ashikwe mkono apelekwe, na wenye kusali wamvumilie.

Vijana wa kila mtaa hawangeshindwa kuweka zamu, wawili kila alasiri, kumtembeza mzee mmoja mpaka ufukoni na kumrudisha kabla ya magharibi. Jambo hili halihitaji fedha wala ruhusa ya serikali. Lahitaji mtu wa kubisha hodi na kusema, "Leo mzee atatoka na sisi."

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahurumie wazee wetu, awape nguvu wanaowatunza, na atuwafikishe sote kutenda.