Vumbi la Rangi Kuukuu: Kabla ya Kupiga Msasa Nyumba ya Familia

Nyumba nyingi za familia hukarabatiwa na wenyewe. Idi au Krismasi ikikaribia, au binti wa nyumba akishachumbiwa, vijana hununua madebe ya rangi, msasa na brashi, na kazi inaanza. Ni jambo jema, na kijitabu hiki hakikusudii kumzuia mtu. Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba harufu ya rangi mpya, ambayo ndiyo watu wengi huiogopa, huisha baada ya siku chache madirisha yakiachwa wazi. Vumbi la rangi ya zamani, lile linaloruka msasa unapopita mlangoni au kwenye grili ya dirisha, halina harufu, halichomi macho, na laweza kumdhuru mtoto kwa maisha yake yote. Vumbi hilo linazuilika kwa vitu vinavyopatikana katika kila nyumba, ilimradi tahadhari zichukuliwe kabla ya kuanza kukwangua.

Sababu ya hofu hii ni madini ya risasi. Kwa miaka mingi watengenezaji waliyatia katika rangi ya mafuta ili ikauke upesi, ing'ae na kuhimili jua na mvua. Njano, rangi ya chungwa na nyekundu kali zilitegemea sana kromati ya risasi, na vyuma vilipakwa kwanza rangi nyekundu ya kuzuia kutu ambayo yenyewe ilikuwa oksidi ya risasi. Kwa hiyo sehemu za kutilia shaka katika nyumba ya zamani zinajulikana: milango na fremu zake, madirisha ya mbao, grili, geti, vyuma vya ngazi, na ule ukanda wa rangi ya mafuta unaopakwa sehemu ya chini ya ukuta ili usichafuliwe na mikono. Ukuta uliopakwa chokaa au rangi ya maji kwa kawaida hauna tatizo hili, ingawa vumbi la chokaa nalo huunguza macho na likiingia yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Wala nyumba haihitaji kuwa ya enzi za mkoloni ndipo iingie katika hesabu hii. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa leo ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi kavu, na Kenya na Tanzania zimekiingiza katika viwango vyao. Hata hivyo, katika muongo uliopita tu shirika la AGENDA la Tanzania lilipopima rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani, lilikuta nyingi zimevuka kiwango hicho, na za njano zikiwa miongoni mwa mbaya zaidi. Mlango uliopakwa miaka kumi na mitano iliyopita unastahili tahadhari ileile inayostahili mlango wa babu.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi, lakini huipokea kwa sababu inafanana na kalsiamu kiasi cha kuingia katika njia zake. Ikishaingia kwenye damu hufika kwenye ubongo na figo, kisha hujihifadhi kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke aliyeipata utotoni anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni, kwa kuwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha mifupa hutoa kalsiamu, na risasi hutoka pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichokimeza, na akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Naye ndiye anayetambaa sakafuni, anayeshika kizingiti cha dirisha kisha akatia vidole mdomoni. Kiasi kidogo, ambacho hakimlazi kitandani hata siku moja, hupunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia darasani, na akili iliyopotea kwa njia hiyo hairudishwi kwa dawa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1904, huko Brisbane nchini Australia, daktari wa macho J. Lockhart Gibson alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiletwa kwake na sumu ya risasi waliipata majumbani mwao, kwenye rangi ya baraza za mbao. Jua kali la eneo lile lilikuwa likiigeuza rangi kuwa unga, unga ukashika mikononi, na mikono ikaenda mdomoni. Ilichukua hadi mwaka 1922 ndipo jimbo la Queensland likaweka sheria ya kuzuia rangi hiyo mahali mkono wa mtoto unapofika. Wenye nyumba za pwani yetu wanalijua jua la namna hiyo, na wanajua jinsi mlango unaotazama magharibi unavyoacha unga kiganjani. Basi ikiwa jua peke yake laweza kutoa vumbi la kudhuru, msasa hutoa kiasi gani? Takwimu za Jimbo la New York, nje ya jiji lenyewe, zinatoa mwanga. Mwaka 2006 na 2007 walichunguzwa watoto 972 waliokuwa na risasi nyingi mno kwenye damu. Kwa 139 kati yao, chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa ukarabati wa nyumba. Kazi iliyotajwa zaidi ilikuwa kukwangua na kupiga msasa, na karibu thuluthi mbili ya ukarabati huo ulifanywa na wenye nyumba au wapangaji wenyewe. Watu hao walikuwa wakitengenezea familia zao mahali pazuri pa kuishi.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya Marekani, kwenye nyumba zilizofungwa kwa sababu ya baridi, na kwamba huku madirisha yako wazi na upepo unalichukua vumbi. Upepo huliondoa ndani ni kweli, lakini haulipeleki mbali. Huliacha uani, penye mchanga wanaouchezea watoto, penye kamba ya nguo na meko ya jioni. Risasi haiozi wala haiyeyuki kwa mvua ya msimu mmoja. Itakuwa pale mwaka kesho. Na kwamba risasi inadhuru watu wa huku kama inavyodhuru wengine, hilo lilithibitika kwa uchungu katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako moshi na majitaka ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwaachia wakazi risasi mwilini, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi hao, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Chanzo pale kilikuwa kiwanda, lakini madini ni yaleyale, na mwili wa mtoto hauulizi yametoka wapi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nyumba imepakwa na kukwanguliwa vizazi vitatu na hakuna aliyeugua. Jibu ni kwamba madhara ya risasi kwa kiasi kidogo hayaonekani kama ugonjwa. Mtoto anayeshindwa kusoma huitwa mvivu, na mwenye upungufu wa damu huambiwa ni minyoo au malaria, na mara nyingine ni kweli. Hakuna anayeweza kusema kwa macho kwamba nyumba fulani haikumdhuru mtu, ikiwa damu haikupimwa. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli wa maana ndani yake: rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyobabuka wala kusuguliwa, haimdhuru mtu. Hatari huanza inapogeuka vumbi au vipande.

Kutokana na ukweli huo, swali la kwanza la mkarabati ni kama kuna haja ya kukwangua hata kidogo. Mara nyingi haipo. Rangi iliyoshika huoshwa kwa maji ya sabuni, ikaachwa ikauke, ikapakwa praima na rangi mpya juu yake. Wapo mafundi wanaoona huo ni uvivu, na wanaamini kazi safi ni ile inayofika kwenye mbao tupu. Kwa nyumba yenye watoto, imani hiyo ni ya kuachwa. Isipokuwa penye msuguano: mlango unaokwaruza fremu na dirisha linalobana hula rangi kila linapofunguliwa, hata liwe limefunikwa mara ngapi. Hapo ni afadhali kuurekebisha mlango usibane, au kuung'oa na kuweka mwingine.

Penye rangi iliyobabuka, kukwangua hakuepukiki, na hapo maji ndiyo kinga. Zima kwanza swichi kuu ya umeme. Watoto wadogo na wajawazito waondoke, si kwenda chumba cha pili tu bali kwa jamaa au jirani, hadi usafi wa mwisho uishe. Toa magodoro, mapazia, vyombo na maji ya kunywa. Funika tangi na kisima. Tandika nailoni nzito chini ya mahali pa kazi, ipande kidogo ukutani na kubandikwa kwa utepe wa gundi. Rangi iloweshwe kwa chupa ya kupulizia yenye maji na tone la sabuni, ikwanguliwe ikiwa mbichi, iloweshwe tena. Msasa uwe ule wa maji, wa kusugua kwa mkono. Grainda na mashine ya msasa zisiguse rangi hii kabisa, maana zinatoa kwa dakika chache vumbi ambalo mkono usingelitoa kwa siku nzima. Na kuibabua kwa moto wa gesi ni kubaya vilevile, kwa kuwa risasi hupanda na moshi. Mbao zilizolowa zipewe siku mbili tatu zikauke, ama sivyo rangi mpya itabanduka. Hiyo ndiyo gharama halisi ya njia hii, na inafaa ihesabiwe mapema, kwani anayepanga kumaliza kwa mwisho wa wiki moja ndiye atakayeshika msasa mkavu ifikapo Jumapili mchana.

Usafi baada ya kazi una uzito sawa na kazi yenyewe, na ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema, kwa kushika fagio. Fagio huliinua vumbi laini na kulitawanya. Kunja nailoni kwa ndani pamoja na vipande vyote, tia katika mfuko, funga, kisha piga deki kwa maji ya sabuni na urudie kwa maji safi, ukifuta pia vizingiti na juu ya fremu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na chakula kisiliwe penye kazi. Mabaki yasichomwe, yasimwagwe bustanini. Na mbao zilizotolewa, hata zikiwa kavu na nzuri kiasi gani, zisiwe kuni: moshi wake utaingia kwenye chakula na jivu lake litabaki jikoni.

Barakoa je? Inafaa, tena ile ya kuchuja vumbi laini inayobana vizuri usoni, maana ya kitambaa haizuii chembe ndogo. Lakini barakoa humlinda aliyeivaa kwa muda ule tu. Haimlindi mtoto atakayerudi jioni na kutambaa juu ya kilichoanguka. Vivyo hivyo kwa anayesema atamwita fundi ili ajiepushe na haya yote: fundi akikwangua kikavu, vumbi lake ni lilelile, na yeye hulirudisha nyumbani kwake kwenye nguo. Mwenye nyumba ana haki ya kumtaka alowanishe kwanza, na ana wajibu wa kumlipa kwa siku zitakazoongezeka.

Kuna kitu kimoja ambacho hata maji hayakifanyi kuwa kazi ya mwenye nyumba. Nyumba kadhaa, hasa zilizokuwa za serikali, mashirika na shule, zimeezekwa kwa mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito na yanayovunjika kama kigae. Mengi ya zamani yana asbesto, nyuzi ambazo zikivutwa husababisha saratani miongo kadhaa baadaye. Bati zima likiachwa lilivyo halina hatari kubwa. Lisikatwe, lisitobolewe, lisisuguliwe ukungu kwa brashi ya waya, na likihitaji kuondolewa waulizwe mamlaka za mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya.

Ikiwa kazi ilishafanyika kikavu kabla ya kusoma haya, anza na deki, na urudie kila siku kwa wiki moja. Halafu mpeleke hospitali mtoto wa chini ya miaka sita aliyekuwa nyumbani wakati huo, mjamzito vilevile, hata kama hawaumwi. Kipimo ni cha damu na hakipatikani katika kila zahanati, hivyo omba rufaa. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba rangi ya zamani ilikwanguliwa, lini, na mtoto alilala chumba gani. Bila maelezo hayo maumivu ya tumbo, kufunga choo, ukosefu wa hamu ya kula na upungufu wa damu vitatafutiwa sababu nyingine. Degedege au kupoteza fahamu ni dharura ya saa hiyohiyo. Majibu yakionyesha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa za hospitali za kutoa risasi hutolewa kwa viwango vya juu sana, na dawa za mitaani za kusafisha damu haziitoi. Kwa wengi matibabu ni kumtenga mtoto na vumbi, kumlisha vyakula vyenye chuma na kalsiamu kama dagaa, maharage, mchicha na maziwa, asikae na njaa, na kumpima tena kwa tarehe atakayopanga daktari.