Dada, nipange foleni ya nini?



Swali la leo limetoka kwa binti wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ila najua hayuko peke yake: "Dada, mshindi anajulikana hata kabla kura hazijahesabiwa. Nipange foleni ya nini?"

Sitakudanganya, mdogo wangu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi hapo kwa jirani zetu Singida, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Chama chake, Chadema, kilishawekwa nje ya uchaguzi. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye alishaenguliwa kwenye urais. Intaneti ikazimwa, watu wakauawa mitaani, kisha Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66. Ukisema ukalalamike mahakamani, Katiba ibara ya 41(7) imekufungia mlango. Kwa hiyo aliyebaki nyumbani siku ile mimi simwiti mvivu wala msaliti. Anayekusuta, mwulize alitaka umchague nani.

Ila usizipime kura zote kwa mzani mmoja.

Waulize bibi na babu zako habari za 1965. Chama kilikuwa kimoja tu, TANU, na kura ya urais ilikuwa ya Nyerere, ndiyo au hapana. Kwenye ubunge mambo yalikuwa mengine: karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wote wa TANU, sawa, lakini Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, aliangushwa! Sasa linganisha na Singida Mashariki mwaka 2019. Lissu alivuliwa ubunge, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Watu wa Ikungi hawakupata hata hilo jembe na nyumba.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: kabla ya kuuliza kama kura yako itahesabiwa, angalia kama kuna wa kuchagua. Kama hayupo, una haki ya kukaa zako nyumbani. Kama yupo, hata kwenye udiwani tu, nenda.

Mtaani je? Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake ya wapiga kura. Mwaka 2024 watu walijiandikisha kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Kadi ya Tume haikuwa na kazi pale, na wapo walioishika mkononi wakidhani wameshamaliza. Nao uchaguzi huo haukuwa safi. Wapinzani walilia kuenguliwa, CCM ikazoa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Lakini mwenyekiti wa mtaa ndiye mwenye muhuri. Barua ya utambulisho ya mkopo wa chuo, ya dhamana ya kaka yako polisi, ushahidi wa mauziano ya kiwanja, vyote vinapita mezani kwake. Mimi huyo simwachii hivihivi.

Na wewe uliyeko kijijini, Chamwino au Bahi, unayo kura nyingine isiyohitaji sanduku. Ukishafika miaka 18 wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano huo ukubali kwanza. Tangu serikali ihamie Dodoma, wanaotafuta ekari hawakauki. Wakija, mkutano ukiitwa saa nne asubuhi, uwe umefika saa nne, si saa saba watu wanapotawanyika. Dai muhtasari usomwe kwa sauti. Karatasi ya mahudhurio ikipita, tazama juu pameandikwa nini kabla hujasaini. Pakiwa patupu, irudishe waandike ajenda kwanza, maana sahihi yako ya kuhudhuria inaweza kuambatanishwa kesho kama sahihi ya kukubali.