Mihuri ya Wakati katika Picha za Video

Katika mfumo wa MPEG, kila picha huonyeshwa kwa muhuri wa wakati, uhesabiwao kwa mapigo 90,000 kwa sekunde. Picha zikiwa 25 kwa sekunde, tofauti ya muhuri na muhuri ni mapigo 3,600. Tuseme imeandikwa 3,603 kimakosa: katika saa moja, picha 90,000 hulimbikiza mapigo 270,000, yaani sekunde 3. Sauti hutangulia midomo.

Pengo likikua, kosa limo katika tofauti hiyo; likidumu vile vile, muhuri wa kwanza ndio wenye kosa. Mihuri huandikwa upya. Picha zenyewe haziguswi.

Zoezi: Mwanafunzi apimaye kwa mihuri hiyo mchapuko wa jiwe liangukalo atapata jibu dogo kuliko la kweli. Eleza kwa nini.