Je, kome wa kopo wana zebaki ya kumdhuru mtoto tumboni?

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Dada yangu anayefanya kazi Mombasa huniletea makopo ya kome na chaza kila akija nyumbani. Jirani ameniambia yana zebaki na mtoto atazaliwa na kasoro. Niyatupe?
Msomaji, Malili, Makueni

JIBU: Usiyatupe, mama. Jirani hakukosea kuiogopa zebaki, kwani hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Ila kome na chaza si wa kuogopwa sana.

Zebaki ikiingia baharini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoganda kwenye nyama ya samaki. Samaki mdogo akiliwa na mkubwa, naye akaliwa na mkubwa zaidi, sumu hulimbikizana. Ndiyo maana papa, nduaro na jodari wakubwa huwa nayo nyingi. Kome na chaza hawawindi. Huchuja chakula chao majini, kwa hiyo kwa kawaida huwa nayo kidogo mno.

Tupige hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka kikomo cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa wiki. Ukiwa na kilo 60, hizo ni 96. Kwa vipimo vya Marekani, gramu 100 za chaza zina takriban mikrogramu 1, na jodari wa kopo wa kawaida takriban 12.

Hata hivyo, maji yakichafuliwa hata kome huwa sumu. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba, na ugonjwa ukatambuliwa mwaka wa 1956. Wakazi walikuwa wakila samaki na kome wa hapo. Baadhi ya akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto walioathirika ubongo. Kupika hakuondoi zebaki, hivyo ni muhimu kujua chakula kilikotoka.

Basi chukua kopo, uligeuze, usome nchi lilikotoka na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta stika ya KEBS. Bonyeza kifuniko kwa kidole: likiwa limevimba, linavuja au lina kutu kwenye maungio, hilo ndilo la kutupa. Ukishalifungua, hamishia mabaki kwenye bakuli, uweke kwenye friji na uyamalize kwa siku mbili. Kama una presha, angalia pia chumvi.

Samaki na kome kwa jumla, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Papa na nduaro waache hadi umalize kunyonyesha, na chaza wabichi usile kabisa. Siku nyingine kula omena, ndengu na mboga za kwenu.

Ukihisi ganzi vidoleni au midomoni, au ukiyumba unapotembea, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.