Kutafuta Hitilafu ya Intaneti katika Kompyuta ya Linux

Mzigo uliotumwa kutoka Nansio, Ukerewe, hadi Dar es Salaam usipofika, mwenye busara haanzi kuuliza Dar es Salaam. Huuliza kwanza gatini Nansio, kisha Mwanza mjini, ndipo aifuate njia ya bara. Intaneti nayo husafirisha habari kwa vifurushi vipitavyo kituo hadi kituo. Kwa hiyo hitilafu yake hutafutwa kwa utaratibu huo huo, yaani kutoka karibu kwenda mbali.

Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ina amri fupi za kupimia kila kituo.

1. Mashine yenyewe. Andika: ip address. Neno DOWN kando ya kifaa cha waya au cha waifai huonyesha kuwa hakijaunganishwa. Kagua waya au swichi. Kama ni UP lakini hakina anwani, au anwani yake huanza na 169.254, ruta haikuipa mashine anwani. Anwani 127.0.0.1 isihesabiwe, kwani ni ya mashine kujisemea yenyewe.

2. Ruta. Andika: ip route. Mstari wenye default via hutaja anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Kisha andika: ping -c 4 192.168.1.1. Majibu yakirudi, njia ya chumbani ni nzima.

3. Nje ya shule. Andika: ping -c 4 8.8.8.8. Ikiwa ruta hujibu lakini anwani hii haijibu, yamkini kasoro iko mbele ya ruta: salio limekwisha, au njia ya kampuni ya simu imekatika.

4. Majina. Andika: getent hosts www.udsm.ac.tz. Namba zikijibu na jina lisipopatikana, njia ni nzima. Kilichoharibika ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Kagua faili /etc/resolv.conf.

Upimaji huu huokoa fedha na muda. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hatua ya 1 na ya 2 hufaulu, ilhali anwani za ng'ambo huchelewa au hazijibu kabisa. Shule ya Mwanza inayong'oa waya zake au kununua ruta mpya wakati huo hupoteza mali bure, kwani kasoro iko baharini.

Maswali

1. Mwanga husafiri katika nyuzi za kioo kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa njia ni ya kilomita 10,000, jibu la ping haliwezi kurudi kabla ya muda gani?

2. Kompyuta moja ya darasa haipati intaneti, nyingine zote zinapata. Ni hatua zipi zianze kupimwa, na kwa nini?